Binti Anapotaka Kurudi Shule: Miaka Miwili ya Bioteknolojia

Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo juu ya uji wa mtoto wa miezi sita, lakini tumepata barua ambayo tumeona haifai kungoja. Imetoka kwa mama mmoja wa Mbeya. Ametuomba tusitaje jina lake, nasi tunamheshimu.

Mama huyu ana binti, mzaliwa wake wa kwanza, anayeishi Marekani katika jimbo la North Carolina. Alikwenda huko na mumewe miaka minane iliyopita, baada ya kupata kadi ya kijani kwa bahati nasibu. Ana umri wa miaka 33 na watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mitatu. Anafanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba ya wazee, zamu za usiku. Mumewe ni dereva wa malori ya safari ndefu, na mara nyingi juma zima hayupo. Kila mwezi binti hutuma fedha nyumbani: ada ya mdogo wake, dawa za baba za shinikizo la damu, na tangu mwaka jana fedha za bati, maana nyumba inajengwa. Sasa amepiga simu akasema anataka kuingia chuo asome bioteknolojia kwa miaka miwili, na kwamba kwa muda huo fedha za nyumbani zitapungua.

Mama anaandika kwamba tangu siku hiyo nyumba haina utulivu. Mjomba amesema kama ni kusoma, basi asome uuguzi, huko ndiko kwenye mshahara. Kaka amesema shahada ya miaka miwili si shahada. Bibi amesikia redioni kwamba wataalamu hao hubadilisha mbegu na viumbe, naye anauliza kama mjukuu wake anakwenda kuchezea kazi ya Mungu. Mama mwenyewe anamalizia hivi: "Masomo haya ni kitu gani, na mimi nimjibu nini mwanangu?"

Tunajua kuwa mama huyu hayuko peke yake. Katika vikundi vyetu vya akina mama kanisani wako wengi wenye watoto ng'ambo, na simu za namna hii zinafika. Basi tuchukue maswali haya moja moja.

Bioteknolojia ni nini?

Neno ni kubwa, lakini kila aliyewahi kuumua unga wa maandazi ameanza somo lake. Hamira ni kiumbe hai, kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Ukikitia sukari na maji ya vuguvugu kinakula, kinatoa hewa, na unga unaumuka. Mwenye kugandisha mtindi naye hutumia vijidudu hai. Bioteknolojia ni hiyo: kutumia kiumbe hai, au sehemu yake, kutengeneza kitu kinachotufaa. Tofauti ya leo ni kwamba wataalamu wanaweza kumpa kiumbe yule mdogo maagizo mapya katika chembe zake za urithi, akatengeneza kitu ambacho zamani hakukitengeneza.

Sisi wauguzi tunaishika kazi hiyo mikononi kila siku. Chukueni insulini ya wagonjwa wa kisukari. Zamani ilitolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1978 wanasayansi wa kampuni ya Genentech na wa kituo cha City of Hope, huko California, walifaulu kumfanya bakteria atengeneze insulini ya binadamu. Mwaka 1982 insulini hiyo ikaidhinishwa nchini Marekani. Kampuni nyingine, Novo Nordisk, hutumia hamira badala ya bakteria.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo hutengenezwa kwa hamira. Watoto wetu huipata wakiwa wachanga, ndani ya ile chanjo inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja. Vivyo hivyo chanjo ya kwanza ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Hapa Tanzania chanjo hiyo ya saratani ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Hata kile kipimo cha haraka cha malaria, cha tone la damu na mistari miwili, na kile cha mimba, ni matunda ya elimu hii.

Kwa hiyo mama, mwanao hajaomba kusoma jambo geni. Anaomba kwenda kujifunza jinsi vinavyotengenezwa vitu ambavyo wewe umevipokea kliniki tangu ulipomzaa.

Wanasoma nini kwa miaka miwili?

Marekani kuna vyuo vinavyoitwa vyuo vya jamii. Vimejengwa karibu na wananchi, ada yake ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu, na hupokea watu wazima wenye kazi na familia. Shahada yao ya miaka miwili huitwa asosieti. Kwa kawaida ina krediti 60 au zaidi kidogo, zilizogawanywa katika mihula minne. Vyuo kama Alamance cha North Carolina, City College of San Francisco cha California, na Madison College cha Wisconsin hufundisha bioteknolojia kwa namna hii.

Sehemu moja ya masomo ni ya darasani: kuandika Kiingereza, hesabu, kemia, baiolojia na elimu ya vijidudu. Sehemu ya pili ni ya mikono, nayo ndiyo roho ya kozi hii. Mwanafunzi anajifunza kuotesha seli katika chupa bila kuingiza uchafu. Anajifunza kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme, kupima protini, kutakasa vyombo katika autoklevu, yaani ile sufuria ya mvuke wa nyuzi 121, na kufuata maagizo ya kiwanda hatua kwa hatua.

Tuwape mfano wa hesabu zake, maana hesabu ndizo huwatisha wengi. Katika zahanati zetu tunatengeneza maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa kutakasia vifaa. Tukiwa na Jik ya asilimia 3.5, tunagawa 3.5 kwa 0.5, tunapata 7. Tunatoa moja, zinabaki 6. Basi ni kikombe kimoja cha Jik na vikombe sita vya maji. Mhudumu wa zahanati anayejua hilo amekwisha fanya hesabu ya kuzimua, ambayo mwanafunzi wa bioteknolojia huifanya asubuhi na jioni.

Tofauti ni udogo wa vipimo. Ile mipira ya dripu tunayotumia wodini, aina ya matone 20 kwa mililita, tone lake moja ni mikrolita 50. Mwanafunzi wa bioteknolojia anatakiwa ajue kupima mikrolita moja, yaani sehemu moja ya hamsini ya tone lile, na aipime vilevile mara mia bila mkono kutetemeka. Hilo halihitaji akili ya ajabu. Linahitaji uangalifu na mazoezi, kama mtu anayejifunza kutafuta mshipa wa mtoto mchanga.

Kisha kuna kuandika. Sisi tulifundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba dawa isiyoandikwa kwenye chati ni dawa isiyotolewa. Maabara na viwanda vya dawa vina sheria hiyohiyo. Daftari huandikwa kwa wino. Ukikosea hufuti, unapiga mstari mmoja ili neno la awali lisomeke, unatia saini fupi na tarehe. Chupa isiyo na lebo hutupwa, hata kama kila mtu anajua ndani yake mna nini. Binti aliyetunza wazee usiku kwa miaka, akiandika saa ya kila dawa na kila mara alipomgeuza mgonjwa, anakwenda chuoni akiwa na tabia ambayo kijana aliyetoka shule ya sekondari jana bado hajaipata.

Neno la mjomba juu ya mshahara

Mjomba hakusema uongo, nasi tusimfiche mama ukweli. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023, muuguzi aliyesajiliwa wa kipato cha katikati alipata dola 86,070 kwa mwaka. Fundi wa maabara ya baiolojia alipata kama dola 51,000. Uuguzi nao husomwa kwa miaka miwili katika vyuo hivyohivyo. Takwimu hizo pia zinaonyesha kuwa mafundi wengi wa maabara za utafiti huajiriwa wakiwa na shahada ya miaka minne. Mwenye ile ya miaka miwili hupata nafasi zaidi katika viwanda vya dawa na katika ukaguzi wa ubora.

Lakini sisi tuliokaa wodini miaka mingi tuna neno la kuongeza. Uuguzi unaochaguliwa kwa sababu ya mshahara peke yake humchosha mtu mapema, na mgonjwa huliona hilo usoni pa muuguzi. Binti huyu amewahi kuinua wagonjwa usiku kwa miaka, na kazi hiyo anaijua kuliko mjomba. Akisema mgongo wake umechoka na angependa kazi ya benchi, tumsikilize. Na kwa nyumba ya wazee anayofanyia kazi sasa, dola 51,000 kwa watu wengi ni hatua ya mbele.

Jambo kubwa zaidi ya mshahara ni mahali. Kazi hizi hazipo kila mji. Zimekusanyika sehemu chache: Boston na vitongoji vyake, eneo la San Francisco, San Diego, Maryland, na hiyo North Carolina anakoishi. Huko North Carolina bunge la jimbo lilianzisha kituo maalumu cha kukuza bioteknolojia mwaka 1984, na katika mji wa Clayton kuna kiwanda kikubwa cha dawa za kisukari cha Novo Nordisk. Kwa hiyo ameangukia mahali pazuri. Angekuwa jimbo lisilo na viwanda hivyo, tungemshauri afikiri mara mbili.

Neno la kaka juu ya miaka miwili

Kaka anadharau bila kujua, lakini ndani ya dharau yake kuna onyo. Shahada za asosieti ziko za aina mbili zinazofanana kwa jina, na wengi huzichanganya. Moja huandikwa kwa herufi A.A.S. Hiyo ni ya kumtayarisha mtu aingie kazini moja kwa moja. Nyingine huandikwa A.S. Hiyo ni ya kumtayarisha mtu ahamie chuo kikuu akamalizie miaka miwili mingine apate shahada kamili.

Mwenye A.A.S. akitaka baadaye kwenda chuo kikuu, anaweza kukuta krediti zake nyingi hazikubaliwi, hasa zile za mikono. Anaanza upya masomo ambayo anayajua, na kulipa tena. Mwenye A.S. naye anaweza kukuta mwenye kiwanda anataka mtu aliyefanya maabara nyingi kuliko yeye. Vipo vyuo vyenye mapatano na vyuo vikuu fulani ili krediti zihame bila kupotea, lakini ni lazima kuuliza kabla ya kujiandikisha na kuyaona mapatano hayo kwa maandishi. Mtu akianza kuuliza mwaka wa pili amechelewa.

Basi kaka, badala ya kusema si shahada, amsaidie dada yake kwa swali moja: "Baada ya hapo unataka kwenda kazini au chuo kikuu?" Jibu lake litamwambia aandike herufi gani kwenye fomu.

Neno la bibi juu ya kazi ya Mungu

Swali la bibi ndilo tunaloliheshimu kuliko yote, na halipaswi kuchekwa. Upande wa mbegu una mabishano makubwa kweli, lakini binti anataka upande wa dawa, na hapo sisi hatuoni dhambi katika insulini inayomfanya mtoto mwenye kisukari aamke kesho.

Hata hivyo bibi anagusa jambo ambalo elimu hii yenyewe imelazimika kujifunza kwa uchungu. Mwaka 1951 mama mmoja mweusi wa Marekani, Henrietta Lacks, alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore akiwa na saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walichukua vipande vya uvimbe wake bila kumwomba ruhusa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, akiwa na miaka 31, akaacha watoto watano. Seli zake zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kukua maabara bila kikomo. Zilisafirishwa duniani kote kwa jina la HeLa, zikasaidia kujaribu chanjo ya polio na mengine mengi. Kampuni ziliziuza. Familia yake haikujua lolote mpaka miaka ya 1970. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilimpa heshima baada ya kifo, na mwaka 2023 warithi wake walifikia mapatano na kampuni moja waliyoishtaki kwa kujinufaisha na seli hizo.

Mwanafunzi wa bioteknolojia hukutana na seli hizi, pengine katika muhula wake wa pili au wa tatu, ndani ya chupa ndogo yenye maji ya waridi. Bibi amwambie mjukuu wake asisahau kuwa zile ni za mama wa watoto watano ambaye hakuulizwa. Kosa lilikuwa kuchukua cha mtu bila kumwona kama mtu. Mfanyakazi wa maabara aliyelelewa na bibi anayeuliza maswali kama haya ni faida kwa maabara hiyo.

Gharama: dola na saa

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo binti ameligusa kwa simu na wengi nyumbani hawakulisikia vizuri.

Ada yenyewe si mlima. Katika mwaka wa masomo 2023–24 vyuo vya jamii vya North Carolina vilitoza mkaazi wa jimbo dola 76 kwa krediti. Tuseme kozi ina krediti 64, hiyo ni dola 4,864 kwa kozi nzima, mbali na vitabu na michango mingine. Asiye mkaazi hulipa zaidi ya mara tatu. Raia na wenye kadi ya kijani wanaweza kuomba msaada wa serikali uitwao Pell, ambao haurudishwi. Kiwango chake cha juu mwaka 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Fomu yake inaitwa FAFSA na kuijaza ni bure. Mtu yeyote anayedai malipo ili akujazie, mkimbie. Msaada hupungua mtu akisoma krediti chache, na anayeacha masomo kabla ya kufika asilimia 60 ya muhula anaweza kudaiwa sehemu ya fedha hizo.

Mlima uko kwenye saa. Vyuo huhesabu kwamba kila krediti ni saa moja ya darasa kwa juma na saa mbili za kusoma nyumbani, na maabara huongeza. Mwanafunzi kamili huchukua krediti 12 au zaidi. Hizo ni saa 36 kwa juma. Binti anafanya kazi saa 40. Jumla ni saa 76, kabla hajapika, hajafua, hajamwogesha wa miaka mitatu, na mume yuko barabarani. Hakuna mwili unaobeba hivyo kwa miaka miwili. Tumewaona wauguzi wenzetu waliojaribu hapahapa nyumbani, wakiunganisha zamu na masomo. Wakaanza kusinzia juu ya chati.

Akichukua krediti 6 kwa muhula, ni saa 18 kwa juma, jambo linalowezekana. Lakini krediti 64 kwa mwendo huo ni mihula 11, yaani zaidi ya miaka mitano. Akichukua 9, ni mihula minane, kama miaka minne. Na kama mtihani wa kuingilia utaonyesha anahitaji kwanza kozi ya hesabu au ya Kiingereza, muda unaongezeka. Kwa hiyo yale maneno "miaka miwili" ni ya mtu asiye na zamu ya usiku. Binti akitaka kumaliza kwa miaka miwili au mitatu, hana budi kupunguza saa za kazi. Akipunguza saa za kazi, fedha za Mbeya zinapungua.

Hapo ndipo barua hii inapotugusa sisi tulioko nyumbani. Tumekuwa tukijadili kama binti anaweza, na kama kozi inafaa. Swali lililobaki ni kama sisi tutamwachia.

Mama amjibu nini?

Mama mpendwa, tunakushauri uite kikao cha familia kabla hujampigia simu. Andikeni kwenye karatasi kila kitu anacholipia. Kisha panga hivi.

Dawa za baba hazikatizwi hata mwezi mmoja. Sisi wauguzi tunajua mgonjwa wa shinikizo anayeacha dawa anakoishia. Hizo ziwe za kwanza, na kiasi chake kitajwe wazi ili binti ajue ni shilingi ngapi, si zaidi.

Ada ya mdogo wake igawanywe. Mjomba aliyejua mishahara ya wauguzi wa Marekani anaweza kushika muhula mmoja, na kaka mwingine.

Bati zingoje. Tunajua inauma, tunajua majirani watasema. Nyumba iliyofika kwenye renta inaweza kusimama miaka mitatu ikifunikwa vizuri juu ya kuta.

Na jambo la nne halihitaji fedha: punguzeni simu za dharura ndogo. Binti wa zamu ya usiku anayepigiwa saa nne asubuhi kwa saa za huko anaamshwa usingizini. Chagueni siku moja ya juma ya kuongea.

Naye binti muulize maswali haya kabla hajajiandikisha, umwombe akupe majibu ya uhakika kutoka chuoni:

Je, shahada hii ni A.A.S. au A.S., na kama ni ya kwanza, ni chuo kikuu gani kimeandikiana na chuo hicho?

Je, ni kampuni zipi, umbali wa gari kutoka nyumbani kwake, zilizoajiri wahitimu wa mwaka jana?

Je, maabara zinafundishwa jioni au mwisho wa juma, au ni mchana tu akiwa amelala?

Je, watoto watakaa na nani saa za maabara, na huyo mtu amekubali kweli au anafikiriwa tu?

Je, vyeti vyake vya kidato cha nne na cha sita vimekwisha kupelekwa kukaguliwa?

Akiwa na majibu ya matano haya, anakwenda na ramani. Akikosa mawili au matatu, si lazima aache. Anaweza kuanza na kozi moja tu, kemia au hesabu, muhula mmoja, akaona mwili wake na watoto wake wanasemaje. Krediti alizopata hazipotei.

Mwisho, mama, ukimpigia simu usianze na bati. Mwambie kwanza umeelewa anachotaka kusoma. Mtajie hamira. Atacheka, kisha mtaongea mengine vizuri.

Wasomaji wengine wenye mabinti au wakwe wanaosoma ng'ambo, tuandikieni mlivyopanga mambo ya fedha za nyumbani katika miaka hiyo. Tutayachapa mafupi bila majina. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye uji wa mtoto wa miezi sita na sababu ya kutouchuja mno.